Jiwe la Kulamba

Likizo yangu ya mwisho chuoni, katikati ya miaka ya tisini, niliimaliza katika timbo la mawe karibu na Sosiot, nikipekua vifusi vya waashi. Mwamba wa kwetu una vitundu, na humo maji ya kale yameotesha fuwele. Nilipata nyingi za kawaida, kisha nikalipata jiwe lile moja: kalsiti ya rangi ya asali, iliyopenywa na sindano nyeupe za natroliti, wala hapana hata moja iliyovunjika. Nilimpigia mhadhiri wangu simu. Alisema hajawahi kuona fuwele hizo mbili zikishikana hivyo; nilipeleke Jumatatu, liwe msingi wa shahada yangu ya pili.

Nililiacha juu ya kabati, nikaenda kuchuma chai. Niliporudi adhuhuri nilisikia nyundo bomani.

Baba alikuwa amechutama mbele ya kihori. Ng'ombe wetu aliyekuwa na mimba alikuwa akilamba kuta za nyumba kwa kukosa chumvi, na Baba, ambaye ujanani alipeleka mifugo kwenye miamba ya chumvi na kuonja kila jiwe kwanza, alikuwa akimsagia tiba.

"Umelileta wakati mzuri," alisema bila kugeuka. "Nimelionja. Chumvi yake siisikii, lakini wewe ndiye umesoma."

Nilikimbilia kihorini. Sindano nyeupe zilikuwa zimenata kwenye pua ya ng'ombe, naye alikuwa akipiga chafya.

"Hata yeye analidharau," Baba akasema. "Labda linataka maji."

"Baba, hilo halikuwa la ng'ombe."

Nyundo ilisimama. "Wiki hizi zote unazunguka timboni, unamtafutia nani?" Akanitazama. "Jumapili nilisimama kanisani nikashukuru. Nilisema kijana wangu amesoma na bado anakumbuka ng'ombe wangu."

Hilo lilinipiga kuliko nyundo. Sikuwahi kumweleza ninatafuta nini. Nilikuwa nimeamua, bila kumuuliza, kwamba hataelewa.

Nikatoa lenzi yangu, nikamshikia kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi. Aliangalia kwa muda mrefu, jicho moja limefumbwa. Kisha akavua kofia, akainama kihorini, akaanza kuokota vipande kimoja kimoja kutoka kwenye mate ya ng'ombe, akivipanga kiganjani, akijaribu kuviunganisha.

"Hiki," aliuliza kwa sauti ndogo, "kilikuwa upande gani?"