Kadi ya Randa

Mtaani walimwita Milimita. Jina hilo alilipata ujanani, siku alipong'oa mlango aliokwisha kumfungia mteja, kwa sababu upande wa bawaba palikuwa na mwanya ambao mteja mwenyewe hakuuona hata alipoonyeshwa kwa kidole.

"Fundi, hapo hata mbu hapiti," mteja alimwambia.

"Sikuja kupima mbu," akajibu, akaubeba mlango begani akarudi nao karakana.

Alifanya useremala miaka arobaini na miwili. Kwa mbao alijenga nyumba ya vyumba viwili, kwa mbao alimsomesha binti yake wa pekee mpaka akapata kazi mbali, nchi ya tatu kutoka hapo. Kisha mke wake akafariki, na mwaka uliofuata mikono ikaanza kutetemeka. Haikutetemeka sana. Mtu mwingine angesema ni uchovu, angekunywa maji na kulala. Yeye aliupima mtetemo wenyewe. Ulikuwa wa milimita tatu, na siku za baridi ulifika nne. Akafunga karakana bila kumwambia mtu sababu. Hata binti, aliyepiga simu kila Jumapili, hakuambiwa.

Wakati huo wanawake watatu wa mtaa ule, mwalimu mstaafu, muuguzi na fundi bomba, walikuwa wameanzisha chama kidogo na kukiita Nyumba ya Kuazima. Wazo lao lilikuwa jepesi. Kuna nyumba zenye nyundo inayogonga msumari mara mbili kwa mwaka, na kuna nyumba zisizo na nyundo kabisa. Wakaomba ghala la zamani la unga, wakatundika vifaa ukutani kwa mpangilio kama vitabu vya maktaba, na kila kifaa wakakifungia kadi. Unachukua kifaa siku saba bila malipo. Ukirudisha, unaandika kwenye kadi kazi uliyofanya, na ukitaka unaongezewa siku saba. Kama hukufanya kazi, hupewi tena mpaka wengine wamalize zamu zao, maana vifaa vilikuwa vichache na watu walikuwa wengi.

Milimita aliwapa vifaa vyake vyote: misumeno, patasi, tupa, keekee, na randa ya mti ya kulainishia mbao, ambayo mpini wake ulikuwa umelika kwa umbo la kiganja chake. Aliwapelekea Jumanne. Alhamisi akarudi kuazima randa.

Alikwisha kuuzoea ukimya wa nyumba baada ya mke. Alijua unaanzia wapi, unapita chumba gani, unakaa kiti kipi. Huu ulioingia baada ya vifaa kuondoka ulikuwa mgeni, na hakujua amwekee wapi mkeka.

Basi akaiweka randa mezani. Akatoa kisu cha randa, akakifuta, akakipaka mafuta, akakirudisha. Akala chakula akiitazama. Siku ya saba akairudisha, na kwenye kadi akaandika: Stuli. Mwalimu, yule mstaafu aliyekuwa akikaa mlangoni na kadi, akasoma, akagonga muhuri, akampa tena. Juma lililofuata akaandika: Rafu ya vitabu. Kisha: Kabati la vyombo. Nyumbani kwake hapakuwa na stuli mpya, wala rafu, wala kabati. Lakini kwenye kadi Milimita alikuwa bado fundi, na kila Alhamisi palikuwa na mtu wa kumwambia, "Karibu, fundi."

Mara ya nane akaandika: Kitanda cha mtoto mchanga.

Siku hiyo nyuma yake alisimama mama mmoja mnene, mchangamfu, anayetengeneza mizinga ya nyuki. Alikuwa akiisubiri randa ile kwa mwezi mzima.

"Mzee wangu, na hiyo randa mmefunga ndoa?" akauliza. "Sisi wake wenza zamu yetu lini?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Milimita naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayelipa nauli baada ya kushuka.

"Niachie juma moja tu, mama."

"Nyuki wangu wanalala nje, baba. Wakianza kupanga chumba kwako usiseme sikukwambia."

Mwalimu akainua macho kutoka kwenye kadi. "Fundi, Alhamisi ijayo tuna maonyesho. Kila mtu analeta kitu alichokitengeneza kwa kifaa cha hapa. Wewe tuletee hicho kitanda cha mtoto. Tutakiweka mbele, watu wakione wanapoingia."

Angeweza kusema amekwisha kukigawa. Angeweza kusema kimesafiri. Lakini foleni nzima ilikuwa ikimtazama, na ilikuwa ikimtazama kama fundi.

"Kitakuwepo," akasema.

Akapewa siku zake saba za mwisho.

Chini ya kitanda chake palikuwa na mbao sita nyekundu za mninga, kavu, alizozitunza tangu karakana ilipofungwa. Ijumaa asubuhi akaufunga ubao wa kwanza kwenye meza ya jikoni, akashika randa, akasukuma. Mti ulitoa ile sauti yake ya zamani, kama kitambaa kinachochanwa taratibu, na kwa pumzi mbili Milimita alikuwa na miaka thelathini. Pumzi ya tatu mkono ukaruka. Kisu kikauma ubao, kikachimba. Akarudia. Kikachimba tena, pembeni kidogo. Adhuhuri ubao ulikuwa na mawimbi ambayo hata mbu angeyaona.

Jumamosi akaharibu wa pili na wa tatu. Jumapili simu ikalia.

"Shikamoo baba. Unafanya nini?"

"Marahaba. Napiga randa."

"Kweli? Nilidhani umeacha."

"Nitaachaje?"

Upande wa binti kukasikika watu wa kwake wakiongea, na mlango ukifungwa vizuri. "Basi nimefurahi baba. Nilikuwa na wasiwasi." Milimita akaitazama mikono yake juu ya meza, akafungua kinywa kumwambia. Lakini binti alikwisha kusema amefurahi. Nani avunje kikombe kikiwa bado mdomoni mwa mtu?

Jumatatu akapata miguu miwili ya kitanda. Mmoja ulimzidi mwenzake milimita tisa. Akapunguza mrefu, ukawa mfupi. Akapunguza mwingine. Jumanne jioni alikuwa na vijiti viwili vya kukorogea rangi.

Jumatano akaenda sokoni. Seremala mmoja alikuwa ameanika vitanda vya watoto nje ya kibanda, vinne, vimepakwa vanishi inayong'aa. Milimita akainama. Angeweza kununua kimoja, akakipiga msasa, akakipeleka. Nani angejua? Akapitisha ukucha kwenye kiungo cha mguu, ukucha ukazama.

"Mzee, unanunua au unakagua?" seremala akauliza.

"Hapa pameacha mwanya."

"Pametiwa gundi hapo. Mtoto hataona."

"Najua hataona," Milimita akasema, akajinyoosha. Alisimama pale muda mrefu, mpaka seremala akaenda kuhudumia mwingine. Majuma nane alikuwa ameandika uongo bila mkono kumtetemeka zaidi ya kawaida. Lakini kuweka jina lake juu ya kiungo kile hakuweza. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Alhamisi akawahi kabla watu hawajajaa. Mwalimu alikuwa peke yake, akitandika kitambaa juu ya meza ya mbele. Milimita akaiweka randa mbele yake. Mwalimu akaigeuza. Kinywani mwa randa palikuwa na maranda ya mbao yaliyokwama, membamba, mekundu.

"Leo imefanya kazi," Mwalimu akasema.

"Imeharibu kazi. Hakuna kitanda, Mwalimu. Wala stuli, wala rafu. Mikono yangu imekwisha." Akainyoosha aone.

Mwalimu akaitazama, hakuondoa macho haraka kama watu wanavyofanya. "Fundi, nimesahihisha madaftari miaka thelathini. Mtoto aliyenakili namjua kabla sijafungua ukurasa. Randa ilikuwa inarudi safi kuliko ilivyotoka."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekuja?"

Milimita akaivuta kadi karibu. Akachukua kalamu na kuandika kwenye kadi, kwa herufi zilizoyumba: Hakuna. Mwalimu akagonga muhuri kama kawaida yake. Mama wa mizinga alikuwa ameingia na mzinga mmoja wa maonyesho kichwani. Alipoiona randa mezani akautua mzinga, akaichukua, akaikumbatia.

"Hatimaye, mke mwenza," akasema.

"Inavuta kushoto kidogo," Milimita akamwambia. "Ukisukuma, legeza bega la..."

"Nitaizoea tu, baba," akasema, na alikwisha kuufikia mlango, akiita mtu amsaidie kubeba mbao.

Milimita hakungoja maonyesho.

Alhamisi iliyofuata alivaa viatu bila kufikiri, akafika kwenye foleni, akasogea na watu hatua kwa hatua mpaka zamu yake.

"Karibu, fundi. Leo unaazima nini?"

Akazitazama kuta. Vifaa vyake vingi vilikuwa nje, kwenye nyumba za watu.

"Sijui," akasema. "Nimekuja kukaa kidogo tu."

"Kukaa hakuhitaji kadi," Mwalimu akasema, akamwonyesha benchi kwa kalamu, kisha akamgeukia mtu wa nyuma, maana foleni ilikuwa ndefu.

Akakaa. Watu waliingia na nyundo, wakatoka na ngazi. Wengine walimwamkia, wengine walimpita. Mikono aliiweka katikati ya magoti, mmoja ukiushika mwenzake, akakaa hivyo mpaka saa ya kufunga.