Bismillahi ya Baba

Sungura wale tulijiletea wenyewe. Kaka yangu aliwanunulia wanawe sokoni Mawaleh hapa Maskati, wawili weupe ndani ya kikapu cha plastiki, na muuzaji akamwapia kwamba wote majike. Majike, lo! Watoto walichoka nao upesi, sungura wakahamishiwa shambani kwetu Sibu, wakachimba chini ya waya wakatoka. Mwaka haukupinduka, majani tunayowalishia mbuzi yameliwa mpaka kwenye mizizi, na migomba michanga imegugunwa yote. Wakazaliwa wa kijivu, wa madoadoa, na wote wakageuka wa porini. Ukimsogelea mmoja tu, wote wameshapotea mashimoni chini ya mitende.

Sote tulinung'unika isipokuwa Baba. Yeye alikulia bara, upande wa Tabora, duka la babu limezungukwa na msitu, na kitoweo cha utoto wake kilitoka msituni humo. Alipokuja Maskati akiwa kijana aliacha kila kitu kule, ila hamu ya kuwinda alikuja nayo. Bunduki yake ilikuwa ya marisau, ya mitutu miwili, nyundo zake ziko nje unazivuta kwa dole gumba moja baada ya nyingine. Ilimzidi yeye umri. Aliinunua kwa mzee mmoja hapahapa, akaikatia leseni, na kitako kilipopasuka akakipeleka kwa seremala wa mtaa wa Ghala kikaungwa. Miaka yote kazi yake ilikuwa kupakwa mafuta na kurudishwa kabatini. Sasa sungura wamekuja, na mzee akawa kama bwana harusi.

Mbwa aliwapata kwa jirani Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Walikuwa bigli wawili, mbwa wafupi wenye masikio ya kuning'inia, wamenenepa kwa biskuti. Mama alisema hawa hawakanyagi mlango wangu, wallahi hawakanyagi, basi wakakaa shambani na mfanyakazi Mbangali akawa ndiye mlezi wao. Kila Baba akiwashika alikwenda kuosha mikono kwa mchanga na maji, mara saba kama inavyotakiwa, na Mama bado anamchungulia.

Bigli hawamkimbizi sungura kumkamata. Wananusa nyayo zake polepole huku wakilia, na kilio chao kikubwa kuliko wao. Sungura naye haendi mbali. Anazunguka, anazunguka, halafu anarudi palepale alipoamshwa, kwa sababu shimo lake liko hapo. Mwindaji kazi yake ni kusimama na kungoja. Baba alikuwa akitucheka tukitaka kuwafuata mbwa. "Mnakwenda wapi? Anakuja huyo, anakuja kwao!"

Mzee wangu alikuwa mpole kwa kila jambo ila moja. Kabla ya kufyatua, sharti useme Bismillahi, na useme ikasikika. Si moyoni, si kwa kunong'ona. Siku moja kaka alipiga sungura mzuri, mnene, na Baba akamuuliza, "Umesema? Mbona mimi sikusikia?" Kaka akababaika. Baba akamchukua yule sungura kwa masikio akawatupia mbwa, akasema nyama isiyotajiwa jina la Mwenyezi Mungu ni mzoga, na wenye kula mzoga ni mbwa. Ami yangu, mdogo wake Baba, alikuwepo siku hiyo. Aliitikia kwa kichwa kila neno.

Halafu Baba akapigwa na kiharusi. Alianguka chooni asubuhi akitawadha kwa sala ya alfajiri. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala pajani na ulimi hautoi neno. Hata "maji" hawezi. Sauti moja tu ilimtoka, ya pumzi, na ile humtoka akiumia. Lakini akili yote ipo, jamani, hilo watu hawakulielewa. Wageni wakija wanampigia kelele kama kiziwi, wanasema naye kama mtoto, "Mzee hajambo? Mzee kala?" na mimi nnataka kuwafukuza kwa ufagio.

Kilichomweka sawa ni sala. Yeye ndiye aliyekuwa akitusalisha nyumbani tangu tupate akili. Sasa Ami alishika nafasi ile, na lazima niseme haki, Ami aliacha kwenda msikitini na sala nyingi akazisali kwetu ili kaka yake asisali peke yake. Kiti cha Baba tunakiweka mwisho wa safu. Anakaa, anainua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, midomo inachezacheza. Usoni anakuwa Baba yuleyule. Nilikuwa nikimwangalia nikijiambia, maadamu ana hili, tunaye.

Ami ni mtu wa namna yake. Alistaafu wizarani, akabaki hana wa kumwamrisha, ndipo dini ikamwingia kwa nguvu kupitia simu. Kutwa anasikiliza mawaidha, na kila anachokisikia kinataka kutendwa leo leo. Si mbaya. Ila mtu aliyechelewa kusoma hupenda mno kusahihisha wenzake.

Wazo la kumrudisha Baba shambani lilikuwa langu. Nilifikiri hivi: uwindaji wa bigli ni wa kukaa kitako, sungura anakuja mwenyewe, basi mtu wa nusu mwili unamshinda nini? Ijumaa moja ya baridi nikamvisha koti, nikaichukua bunduki, tukaenda. Ami alikuja na gari yake, alikuwa na shughuli na pampu ya kisima. Nikamweka Baba kwenye kiti cha plastiki nyuma ya birika la kuhifadhia maji ya shamba, mitutu nikailaza juu ya ukingo wa birika, kitako kikakaa begani kwake kushoto. Risasi nilitia mimi. Nyundo alivuta mwenyewe, kwa dole gumba la kushoto, na kwa taabu. Nilitaka kumsaidia akanipiga kofi la mkono.

Mbangali akawafungulia mbwa. Wakanusa, wakanyamaza, halafu yule jike akaanza kulia na mwenziwe akapokea. Wakapita nyuma ya mitende, wakapita kwa mbuzi, kilio kikawa mbali kisha kikaanza kurudi. Baba aliinua kidole chake cha shahada juu, kama anavyofanya kwenye sala. Akakiweka hapo. Midomo yake ikaenda, ikaenda, na jasho linamtoka paji la uso na asubuhi yenyewe ya baridi. Nilijua anasema nini. Mtoto mdogo angejua. Kisha akakishusha kidole kwenye kifyatulio.

Sungura akatokea kwenye mfereji, wa kijivu. Bunduki ikalia.

Alimpiga vizuri mno, na hapo ndipo balaa letu lilipoanzia. Angempiga vibaya, Ami angemkuta yu hai, angemchinja kwa kisu chake na Bismillahi yake, na yasingekuwepo maneno. Lakini sungura alikata roho palepale. Nilimwinua juu nikapiga vigelegele peke yangu kama mwehu, na Baba akacheka. Alicheka! Tangu augue sikuwahi kumwona. Machozi yanamtoka, bega linatikisika, anapiga ukingo wa birika kwa mkono mzima.

Ami akaja mbio na kisu. Akamgusa sungura, akamgeuza, akakifuta kisu ambacho hakikuwa na damu.

"Keshakufa," akasema. "Nani kasema Bismillahi?"

"Baba kasema."

"Kasema vipi?"

"Kwa kidole, Ami. Nilikuwa hapa, nimemwona."

"Kidole hakina ulimi, mwanangu."

"Basi mimi nilisema." Na kweli nilikuwa nimesema, chini chini.

"Wewe hukupiga. Mwenye kupiga ndiye mwenye kusema." Akapunguza sauti, kana kwamba Baba hayupo hatua mbili kutoka pale. "Usinitazame hivo. Dini si yangu nikaigeuza. Na baba yako mwenyewe ndiye aliyetufunza, isikike. Ungemuuliza siku akiwa mzima, angekwambia hivi hivi."

Nilimjibu maneno ambayo binti hamjibu ami yake, na siyarejei hapa. Nilipogeuka, Baba alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa akimtazama mdogo wake, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ningependa uwe na hasira.

Sikumtupia mbwa yule sungura. Nilimchuna, nikampeleka nyumbani, nikamwambia Mama ampike, na nikamwambia kwa nini. Mama alitukana kidogo, tusi la Unguja lile la zamani, akakuna nazi. Alimpika kwa tui, na bizari, na ndimu, akachoma chapati. Watu waliporudi kutoka sala ya Ijumaa sinia ikawekwa. Ami akajitilia wali na mchuzi wa papa. Kaka akamtazama Ami, naye akajitilia papa. Wanawe walitaka nyama, akawapiga jicho. Mimi nikala. Mama, ambaye siku zote alisema sungura ni panya mkubwa, alikata paja akalitafuna huku akimwangalia Ami usoni.

Baba nikamtilia kipande laini, nimekitoa mifupa. Alikichukua kwa mkono wa kushoto, akakileta mpaka mdomoni. Nilimwona ananusa. Akakirudisha kwenye sahani, akaisukuma sahani taratibu, akajifuta vidole.

"Kula, Baba," nikamwambia. "Chako hicho. Halali yako."

Akatikisa kichwa.

Alasiri ikaadhiniwa. Ami akasimama kutandika mkeka, mimi nikaleta beseni la udhu na kiti cha Baba, kama kila siku. Nikamshika mkono nimtie maji. Akauvuta. Nikadhani maji ni ya baridi, nikakimbilia jikoni kuchanganya na ya moto. Niliporudi akauvuta tena. Akainua kidole kile kile cha shahada, akagusa midomo yake, kisha akatikisa kiganja. Hakuna. Akakionyesha kiti, akatikisa tena. Hakuna.

Mimi sikuelewa. Aliyeelewa mwanzo alikuwa Ami. Nilimwona akiwa na ncha ya mkeka mkononi, rangi imemtoka.

"La, la, kaka!" akasema. "Sala ni jengine. Lile la nyama ni jengine!"

"Jengine vipi?" nikamuuliza. "Mtu akisema jina la Mungu juu ya sungura halimfikii, juu ya mkeka linamfikia? Hebu tueleze, Ami, wewe si ndiye mwenye kujua?"

Ami alikwenda mbele kusalisha. Walisali yeye na kaka, na sauti yake ilikatika katikati ya Allahu Akbar, ambayo hata watoto wanaijua.

Siku ya pili alikwenda kwa sheikh wa msikiti wao. Sheikh alimkaripia mbele za watu. Alimwambia ishara ya bubu ndiyo kauli yake, nyama ilikuwa halali bila shaka, na sala ya mgonjwa yule pengine ni nzito kuliko zao wote. Ami alirudi akapiga magoti mbele ya kiti cha Baba akamweleza yote, neno kwa neno, analia kwa kwikwi. Sijapata kumwona mwanamume mzima akilia vile. Hasira yangu yote iliniyeyuka, nikabaki na huzuni tupu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwekea mkono kichwani. Alimsamehe, hilo halina mjadala. Na Ami alipotandika mkeka wa magharibi, Baba aligeuza kiti chake akaelekea dirishani.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tumejaribu kila njia. Sheikh mwenyewe amekuja nyumbani, amekunywa kahawa, amesoma hadithi. Baba anaitikia kwa kichwa, anamtilia tende sahanini. Mama amemlilia. Ami mpaka leo anaweka kiti mwisho wa safu kila sala, na haanzi kusalisha mpaka amekitazama kwanza. Mbwa tuliwapa watu. Sungura wamejaa shamba zima na hakuna mwenye hamu ya kuwagusa.

Juzi sikuweza tena. Wengine walikuwa wameshaanza sala sebuleni, mimi nikabaki naye chumbani. Nikamuuliza, "Baba, sheikh humwamini?" Akaitikia, anamwamini. "Basi unatufanyia nini hivi?"

Akaushika mkono wangu. Akauleta kooni kwake, akaubana pale, akafunga macho. Nikahisi koo linapanda, linashuka, linapanda tena, na kifua chote kinasukuma, mishipa ya shingo imemtoka. Niliyajua maneno, ni Bismillahi ileile, nilikuwa nikiyasema pamoja naye. Haikutoka hata pumzi. Alipofumbua macho alinitazama kuona kama nimesikia kitu, na mimi, Mungu anisamehe, sikuweza kumwongopea. Akaniachia mkono, akanionyesha mlango niende nikasali na wenzangu.