Karatasi Zisizo na Kazi

Juzi mtaani Mwiki nilimwona mama mmoja akianika makaa ya vumbi yaliyokandwa na karatasi juu ya gunia. Harufu ya karatasi mbichi ikanirudisha darasa la tatu.

Mwalimu wetu wa mazingira alituambia kila mtu alete karatasi zisizo na kazi nyumbani. Mimi nilileta bahasha nene iliyokaa chini ya godoro la baba. Sikuwahi kumwona akiifungua. Kikundi chetu kilizirarua karatasi zote, tukamwaga maji na vumbi la makaa, tukakanda pamoja mpaka mikono ikawa nyeusi hadi viwikoni. Tulipigiwa makofi.

Makaa yalipokauka, nilipeleka fungu langu nyumbani. Baba aliyawasha, akabandika chai, akausifu moto.

"Mlitengeneza na nini?"

"Vumbi na zile karatasi za chini ya godoro lako."

Chai ilifurika kwenye sufuria.

"Hizo zilikuwa barua za mama yako," akasema.

Mama nilimjua kwa picha tu. Nilidhani barua ikishasomwa imekwisha, kama daftari la mwaka jana.

"Nizime moto, baba?"

"Wacha. Leta vikombe."

Tulikunywa chai kando ya moto mpaka makaa yakawa jivu.