Maganda ya Mayai Kando ya Kigoda Changu

Nguchiro walihamia kwenye kichuguu kilicho nyuma ya nyumba yetu, hapa Ringwani, mwaka ambao mvua za vuli zilichelewa. Walikuwa kama kumi na tano, ingawa kuwahesabu ni kazi, maana hawatulii. Wana mistari mgongoni, na wakitembea hutoa sauti ndogo ndogo mfululizo, kama wanakwaya wanaotafuta sauti kabla ya wimbo. Asubuhi ng'ombe wakishatoka zizini, wao huingia. Hugeuza kila bonge la mavi wakitafuta dundu, na wakishiba husimama kwa miguu miwili, mikono kifuani, wakinitazama. Nimefundisha katekisimu miaka mingi na sijawahi kupata darasa linalonitazama hivyo.

Mke wangu hakuwapenda. Walikuwa wamefukua miche yake ya mchicha, tena aliwahofia kwa ajili ya kuku wake waliotagia chini ya ghala la mtama.

"Hawa watamaliza mayai," alisema. "Nitaita mbwa wa jirani awafukuze."

"Hapana, mama. Hawa ni wa wadudu tu. Mungu amewapa dundu, mayai watayafanyia nini?"

Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyezoea kufundisha. Ukweli ni kwamba sikujua. Niliwapenda tu, nikawasemea.

Ikaja Kwaresima. Kila mwaka najinyima kitu, na mwaka huo nilichagua mayai, ambayo nayapenda kuliko nyama. Nililitangaza hilo mbele ya jumuiya yetu, jambo ambalo sasa naona halikuwa la lazima. Wiki ya nne mke wangu akaanza kukuta maganda ya mayai uani, karibu na kigoda ninachokalia asubuhi nikisali na kuota jua kabla ya kwenda kanisani. Hapo pana jiwe la kusagia la marehemu mama yangu, ambalo halina kazi tangu mashine ifike kijijini. Maganda yalikuwa chini ya jiwe hilo, na ute umekaukia juu yake.

Siku ya kwanza aliyafagia tu, na ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu aliniwekea ugali na mboga ya mgagani, akaketi kunitazama nikila.

"Mzee, chakula kinapita kweli? Si umeshiba?"

"Nimeshiba nini?"

"Sijui. Labda sala za siku hizi zina mayai."

Nikacheka, kisha nikaona yeye hacheki. Akanipeleka kwenye jiwe.

"Labda ni nguchiro," nikasema.

"Si ulisema mwenyewe hawali mayai? Halafu tazama, haya yamegongwa kwenye jiwe. Mnyama ana mikono?"

"Mama, sijala yai lako hata moja. Mungu ni shahidi."

Nilisema kweli, na hapo hapo nilikosa. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimekwenda Kerende kumwombea mtoto wa dada yangu, anayechimba dhahabu huko na alikuwa anaumwa. Baada ya sala, wachimbaji wenzake, vijana waliotoka mikoa ya mbali, wakaniagizia chakula kwa mama anayekaanga chipsi kando ya barabara. "Shikamoo mzee, karibu ule." Ikaja chipsi mayai, ya moto, imevimba. Ningeweza kusema nimefunga. Nilikula yote. Kwa hiyo nilipomwita Mungu kuwa shahidi, nilikuwa nimelichagua neno kwa makusudi: yai *lako*. Katika miaka arobaini ya ndoa sikuwahi kumpimia mke wangu maneno namna ile.

Siku zilizofuata alinihudumia kwa heshima zote, lakini utani ulikwisha. Nyumba yetu bila utani wake ni baridi. Nilisali, na kila nikisali nilijua ni nini ninachopaswa kusema, nikaahirisha.

Jumamosi moja hapakuwa na mafundisho, nikabaki ndani. Mke wangu alikuwa dirishani akichambua maharage. Akaniita kwa mkono, kimya. Nguchiro walikuwa uani, na mmoja mkubwa alikuwa anatoka chini ya ghala akivingirisha yai. Alipofika kwenye jiwe akaligeuzia mgongo, akalishika yai kwa miguu ya mbele, akalirusha kinyumenyume kati ya miguu ya nyuma. Pa! Wadogo wakalivamia.

Mke wangu alijifunika mdomo kwa kanga, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kumbe mikono wanayo!" Kisha akatulia. "Nisamehe, baba watoto. Nilikusingizia."

Nguchiro walikuwa wamenisafishia jina, na ningeweza kunyamaza. Nikashindwa kumtazama.

"Hayo sikula," nikamwambia. "Lakini Kerende nilikula. Chipsi mayai."

Akarudia maharage yake. "Mayai mangapi?"

"Mawili. Labda matatu, yalikuwa yamekorogwa."

"Na tomato."

"Umejuaje?"

"Shati lako la kanisani nani anafua? Mafuta na tomato kifuani kote. Nikasema, atasema mwenyewe. Nikangoja. Ndipo maganda yakaanza."

Nilielewa basi kwamba muda wote ule hakuwa akiwasikitikia kuku.

"Ungengoja mpaka lini?"

"Mpaka Pasaka. Baada ya hapo ningekuuliza mbele ya jumuiya."

Alasiri hiyo tulihamishia viota jikoni, yeye akielekeza, mimi nikibeba. Habari ya kuita mbwa wa jirani kwa ajili ya nguchiro hakuigusa. Nilipokuwa nimeinama na yai mkononi, nikasikia sauti yake nyuma yangu.

"Mzee, hilo liweke chini polepole, na mikono nione."

Nikaliweka, nikainua mikono juu, na moyoni nikamshukuru Mungu.