Ejo ya Salama

Efrazia alizaliwa kambini Tanzania, akarudi Burundi akiwa na miaka ishirini na miwili. Kiswahili chake kilichonyooka tulikifanyia mzaha ofisini kwetu Gitega, na Kirundi alikijua cha kuokoteza. Kazi yake ilikuwa kuhudumia, akiwa kwenye kiti chake hapa hapa, seva za muungano wetu wa wakulima zilizo mikoani. Aprili ile, seva ya Muyinga ilimtoa jasho. Kila alipoipelekea toleo jipya la mfumo, usakinishaji ulifika katikati ukafa, mashine ikarudia la zamani. Mara tatu. Mkuu akasema Ijumaa ikipita bado haijakubali, kazi itapewa mtu wa Bujumbura.

Alitafuta kila mahali. Nafasi kwenye diski ilikuwepo, faili zilikuwa salama. Jumatano, akishuku umeme, akampigia Salama, mtunza ofisi wa Muyinga.

"Dada, kuzimwa kwa umeme ni lini?"

"Ejo, ku saa nane."

Neno hilo alilijua: kesho. Marehemu baba yake, mkulima wa kijiji cha Mwakiro huku Burundi aliyezikwa ugenini, alikuwa akivua viatu jioni kule kambini na kusema, "Mwakiro, ejo." Basi Alhamisi Efrazia hakuigusa seva, akingoja saa nane ipite. Umeme haukukatika hata dakika moja. Siku nzima imepotea, na mtu mpole akikasirika, heri ukae mbali. Akampigia tena, simu ikiwa kwenye spika.

"Salama, si ulisema leo?"

"Mi nilisema ejo! Ni juzi, ukihesabu kutoka leo! Siku ile kabla hujanipigia! Radi ilikuwa inapiga, nikakata courant yote. Nakatanga kila mara. We unataka nyumba iungue?"

Tulicheka mpaka mwenzetu Kasiano akamwaga chai. Kwa Kirundi ejo ni kesho, na ni jana pia. Kitenzi ndicho huamua, na Salama hakutoa kitenzi. Efrazia alifungua kumbukumbu za seva. Jumanne, saa nane na dakika nne, usakinishaji wa tatu ulikatika.

Ijumaa aliuanza saa mbili asubuhi, mawingu hayajapanda. Saa tatu na nusu toleo jipya lilikuwa limekaa. Tukampongeza, lakini yeye alibaki anatazama skrini.

"Baba aliposema ejo," akaniambia, "mimi nilimjibu kila jioni, 'Sawa baba, kesho.' Hakunisahihisha hata siku moja."