Wasio na Kijiji

Nilipostaafu ualimu, Mungu alinipa kazi nyingine: kutunza kompyuta ya kamati ya msaada ya kanisa letu hapa Bulla Pesa. Binti yangu alinifundisha SQL, lugha ya kuiuliza kompyuta kumbukumbu zake. Ninamshukuru Mungu kwa uvumilivu aliompa, maana mimi ni mzito wa kuelewa.

Wakati wa ukame, afisa wa shirika lililoleta mahindi alichukua ripoti yangu. Nilikuwa nimeandika GROUP BY pamoja na ROLLUP, ambayo huhesabu familia za kila kijiji kisha huongeza mstari wa jumla ya kata nzima. Katika mstari huo wa jumla, mahali pa jina la kijiji huwa patupu. Kompyuta huandika NULL.

"Mzee, nimefuta mistari yote isiyo na kijiji," akaniambia. "Hizo ni jumla tu. Tukiziacha tutahesabu watu mara mbili."

Alikuwa na ukweli nusu. Wafugaji waliohama Korbesa na ng'ombe wao tulikuwa tumewaandikisha bila kijiji, kwa sababu huku kwetu anayefuata malisho haulizwi anakaa wapi. Huulizwa ananywesha wapi. Tuliandika kisima, kijiji tukakiacha wazi. Kompyuta ikawakusanya wote katika mstari mmoja wenye NULL, unaofanana kabisa na ule wa jumla.

"Umefuta watu," nikasema.

Akacheka. "Si tuwaandikie kijiji cha Merti basi, tumalize?"

"Lori la mahindi likifika Merti wasionekane, mtawaita familia hewa."

"Ripoti inatakiwa leo, mzee."

"Itakwenda bila sahihi yangu."

"Wewe ni mtu wa Mungu. Mbona ukaidi hivi?"

"Ndiyo sababu. Mchungaji hahesabu mazizi, anahesabu kondoo."

Nikakaa mbele ya kompyuta, yeye akiangalia saa yake. Nikaongeza GROUPING, ambayo hujibu moja kwa mstari wa jumla, na sifuri kwa mstari ambao nafasi yake iliachwa wazi tangu mwanzo. Penye sifuri na NULL, nikaamuru iandikwe "Wanaohama", na majina ya visima vyao yafuate.

"Lori haliendi visimani," akasema.

"Lori huenda dereva anakolipeleka."

Akanisogezea kalamu, nikatia sahihi. Lori likaenda visimani.

Mpaka leo, kila afisa mpya huniomba nijaze jina la kijiji katika nafasi zile ili ripoti ipendeze. Namkaribisha chai, namwombea baraka, na sijazi.