Kahawa ya Chengachenga

Wifi yangu ni fundi makochi, na karakana nzima wanamwita Misumari, kwa sababu anapovisha kochi kitambaa kipya hujaza misumari midogo mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Ukimsemesha wakati huo anakujibu kwa nyusi. Mimi ni dada wa mumewe, naishi nao, na nasema mapema kwamba nampenda yeye kuliko ninavyompenda kaka yangu. Kaka analijua hilo na halimkoseshi usingizi.

Kazi ya makochi inataka bega. Kitambaa kinavutwa mpaka kilie, kisha kinapigiliwa kabla hakijalegea. Ndiyo maana alipoteleza kwenye ngazi za karakana akavunjika bega la kulia, hatukuuhofia sana mfupa, mfupa huunga. Tuliyemhofia ni bosi wake, aliyemwambia kwa upole wa kuudhi kwamba akishindwa kuvuta kitambaa, atamweka mbele, kwenye meza ya kupokea wateja. Wifi akae mezani akitabasamu kutwa nzima! Afadhali umfunge jela.

Jikoni kwetu kuna mashine ya espresso isiyotumia umeme. Ina mpini mrefu wa chuma. Unasaga kahawa kwa kinu cha mkono, unaishindilia kwenye kichujio, unamimina maji ya moto, kisha unaushusha mpini kwa nguvu zako mwenyewe, na kahawa inatoka nzito, ina povu la rangi ya asali. Kabla ya kuanguka, wifi ndiye aliyetutengenezea sote kila asubuhi, huku akiimba vibaya. Plasta ilipoondolewa, mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira wa kuvuta. Akautupa juu ya kabati.

"Mpira ukiuvuta unapata nini? Mpira," alisema. "Mimi nitafanyia mazoezi kwenye mashine yangu. Siku nitakayoushusha huu mpini kwa mkono wa kulia peke yake, siku hiyohiyo nampigia bosi simu."

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya. Mpini ulikataa hata kutikisika. Alisaga meno, jasho likamtoka, na asubuhi moja alikaa sakafuni akalia kwa sauti. Kaka, ambaye hata paka akipanda mezani humwomba ashuke, alibaki amesimama mlangoni hajui aweke wapi mikono yake.

Baada ya hapo mambo yakaanza kunyooka. Mpini ukashuka kidogo, ukafika nusu, ukapita. Jumamosi moja ukashuka mpaka chini, na wifi akapiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Akachukua simu palepale. "Bosi, Jumatatu nakuja. Niwekee lile kochi la ngozi." Mimi nikainua kikombe kumshangilia, nikanywa.

Jamani! Maji ya kuoshea sufuria yana ladha zaidi.

"Kahawa gani hii?" niliuliza, na kaka akanikanyaga chini ya meza. Hapo nikajua kuna jambo. Nilimvuta mpaka uani nikambana, na hakuchukua muda kukiri, maana kaka hana kifua cha kuficha kitu. Tangu mkewe aumie, yeye ndiye aliyekuwa akisaga kahawa. Ikisagwa laini, maji hupenya kwa shida na mpini huwa mgumu. Ikisagwa chengachenga, maji hupita mbio na mpini hushuka kirahisi. Basi kila siku alikuwa akilegeza skrubu ya kinu, kidogo kidogo, kahawa izidi kutoka chenga.

"Alikuwa analia sakafuni," akasema. "Ulitaka nifanyeje?"

"Na Jumatatu? Ile ngozi nayo utailegezea skrubu?"

Akainamisha kichwa. Nilikuwa na hasira ya kumtafuna mzimamzima, na iliyonizidi ni huruma, maana nilimwona jinsi alivyochoka kumwona mkewe akiumia.

"Ukinyamaza, atashindwa mbele ya karakana nzima," nikamwambia. "Mwambie wewe. Nikimwambia mimi, utahama nyumba."

Jumapili asubuhi alimwita mkewe jikoni. Mbele ya macho yake akairudisha skrubu pale ilipokuwa zamani, akasaga, akasogea kando. Wifi akashindilia, akamimina maji, akaukamata mpini. Ukashuka, ukapita nusu, ukagoma. Akasukuma tena mpaka shingo ikatoka mishipa. Wapi!

Akaangalia kinu. Akamwangalia mumewe.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyolia," kaka akajibu.

Nilitegemea kikombe kiruke. Wifi alitoka tu, akakaa uani peke yake, na sisi wawili tukabaki jikoni kama watoto waliovunja chungu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Nani?" kaka akasema.

"Mpini! Kwa kahawa ya kweli, umefika wapi?"

Nikajibu mimi. "Umepita nusu, wifi."

"Na mwanzoni ulikuwa haushuki kabisa?"

"Kabisa."

"Basi hiyo nusu ni yangu," akasema. "Hiyo sikupewa na mtu."

Akampigia bosi tena. Lile kochi la ngozi bado, alimwambia, ila Jumatatu anakuja vilevile, apewe viti vya mezani vyenye vitambaa vyepesi, na mambo ya kupokea wateja amtafutie mtu mwingine. Bosi alinung'unika, akakubali. Nilitamani kuruka.

Kinu sasa hakigusi mtu mwingine. Skrubu anailegeza mwenyewe mpaka pale anapoweza, kisha anaikaza kidogo kila siku, na adhabu aliyompa mumewe ni kunywa kila kikombe na kusema ukweli. Jumatatu hiyo jioni alirudi kutoka kazini amechoka, bega linamuuma, akaenda moja kwa moja kwenye mashine. Mpini ulishuka polepole huku ukitetemeka. Akamwekea kaka kikombe, akasimama mbele yake.

"Nzuri," kaka akasema kwa mazoea.

"Wewe bwana!"

Kaka akanywa tena, safari hii bila haraka. Niliona jinsi ilivyomgharimu.

"Bado ni nyepesi, mke wangu. Lakini ya juzi ilikuwa nyepesi zaidi."

Wifi akacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu aanguke, akavuta kiti akaketi karibu naye.